Kisiwa kisicho na bahari



Muislamu wa nchi hii akitajiwa kisiwa kilichohamwa, fikra zake huelekea Kilwa. Huko, katika kisiwa cha Songo Mnara, yamesimama magofu ya misikiti, nyumba za mawe ya matumbawe na makaburi ya watu waliokuwa wakielekea Kibla hiki tunachokielekea sisi. Mji ule ulikaliwa tangu mwishoni mwa karne ya 14 hadi karne ya 16, kisha watu wake wakaondoka. Tangu mwaka 1981 magofu hayo, pamoja na yale ya Kilwa Kisiwani alikofika Ibn Battuta mwaka 1331, yamo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Ni jambo jema kuyakumbuka. Lakini sisi tunaokaa Karatu tumezoea kudhani kwamba historia ya kuhamwa kwa miji ni habari ya mwambao tu, hali yakuwa chini ya milima yetu wenyewe kipo kisiwa ambacho hakijapata kuguswa na wimbi, na wengi wetu tunakipita tukielekea Ziwa Natron bila hata kugeuza shingo.

Nakusudia Engaruka.

Ukitoka Karatu ukashuka Mto wa Mbu, kisha ukakamata njia ya vumbi inayokwenda kaskazini kupitia Selela, baada ya kilomita 60 hivi utafika kijiji hicho cha Wilaya ya Monduli. Kushoto kwako utakuwa umeandamana na ukuta wa Bonde la Ufa, na juu ya ukuta huo ndiko ziliko nyanda za Ngorongoro zenye misitu na ukungu. Mbele yako utauona mlima Ol Doinyo Lengai. Ardhi unayoikanyaga ni kame: majivu ya volkano, miiba, upepo usio na huruma, mvua haba. Ghafla, mahali ambapo mto Engaruka unachomoza kutoka katika korongo lake, kuna kijani. Watu wanalima, migomba imesimama, maji yanapita. Na pembeni ya kijani hicho cha leo yamelala mawe ya watu wa zamani, kuta za mashamba zilizopangwa kwa mkono, eneo la takriban hekta 2,000.

Hilo neno kisiwa silikubuni. Wataalamu wa mambo ya kale, akiwemo John Sutton aliyeichunguza Engaruka kwa miaka mingi, wana desturi ya kuyaita maeneo ya aina hii visiwa vya kilimo: sehemu ndogo zilizolimwa kwa bidii kubwa, zikazungukwa pande zote na nyika ya wafugaji na wawindaji. Yeye na mwenzake Mats Widgren walitoa kitabu kizima juu ya visiwa hivyo katika Afrika Mashariki mwaka 2004. Basi bahari ya kisiwa hiki ni ukame. Mtu aliyekaa Engaruka akitoka nje ya mashamba yake alikuwa hana pa kupanda hata punje moja.

Watu hao walikaa pale, kwa vipimo vilivyofanywa, kati ya karne ya 15 na karne ya 18. Yaani wakati Songo Mnara inafikia mwisho wake, Engaruka ilikuwa bado na karne mbili mbele yake. Vijiji vyao vilikuwa saba, vimeegemezwa kwenye miteremko ya chini ya ukuta wa bonde, kila nyumba imesimama juu ya kidaka kilichochongwa mlimani na kuzuiwa kwa ukuta wa mawe. Mashamba yalikuwa chini yao, katika tambarare. Hawakutumia saruji wala chokaa. Jiwe lilikaa juu ya jiwe kwa ustadi wa kulichagua. Zao lililoonekana waziwazi katika machimbo ni mtama. Ng'ombe, mbuzi na kondoo walikuwa nao, na baadhi ya mazizi yao ya mawe bado yanaonekana katikati ya mashamba, na katika ardhi finyu kama ile haiyumkiniki kwamba samadi ilitupwa.

Lakini kazi iliyonishangaza zaidi ni ya maji. Mifereji ilitolewa mtoni pale unapotoka kwenye korongo, ikaambaa kando ya mlima kwa mteremko mdogo mno, kiasi ambacho leo fundi angehitaji kipimo maalumu kuupata, kisha ikagawanywa na kugawanywa tena hadi ikaingia katika vijishamba vilivyozungushiwa mawe. Na si maji pekee yaliyopelekwa humo. Uchunguzi wa udongo uliofanywa na Carol Lang na Daryl Stump, ukachapishwa mwaka 2017, umeonyesha kwamba katika sehemu za mashamba hayo udongo wenyewe uliletwa na maji. Watu walijenga vizuizi vya mawe, wakayaelekeza humo maji yenye tope, tope likatuama, wakainua ukuta, likatuama tena. Shamba lilijengwa kidogo kidogo kama ukuta wa nyumba. Aliyeweka jiwe la kwanza huenda hakuwahi kuvuna sana kutoka shamba hilo. Aliyekula ni mjukuu.

Chuoni tulisoma katika fiqhi mlango wa kuhuisha ardhi iliyokufa. Msingi wake ni Hadithi ya Mtume (S.A.W.) inayompa haki ya ardhi yule aliyeihuisha. Maimamu wakajadiliana: Imamu Abu Hanifa akaona lazima ipatikane idhini ya mtawala, na Imamu Shafi akaona kuihuisha kwenyewe kunatosha. Tulikariri hitilafu hizo kwa ajili ya mtihani, na mifano tuliyopewa ilikuwa ya Iraq na Hijazi. Laiti mwalimu angetupandisha gari atulete Engaruka, mlango ule ungefahamika kwa nusu saa.

Mzungu wa kwanza kuandika habari za magofu haya ni daktari Mjerumani, Gustav Fischer, aliyepita mwaka 1883. Baadaye, mwaka 1935, Louis Leakey alifanya machimbo na akakisia kwamba paliishi watu wapatao 30,000 au zaidi. Waliomfuata wameipunguza sana hesabu hiyo, kwa kuwa nyumba zote hazikukaliwa kwa wakati mmoja. Wanazungumzia maelfu machache. Mimi nayaona hayo ya maelfu machache kuwa yana ajabu zaidi, kwa sababu kazi ni ileile na mikono imepungua.

Walikuwa kina nani? Wako wanaowahusisha na majirani zetu Wairaqw, ambao katika Mbulu walijulikana kwa kilimo cha uangalifu mkubwa, samadi na matuta, kabla ya wengi wao kuhamia huku Karatu. Wako wanaowahusisha na Wasonjo, wanaojiita Watemi, walioko kaskazini zaidi katika Wilaya ya Ngorongoro. Kijiji chao kimoja, Samunge, kilijulikana nchi nzima mwaka 2011 kwa sababu ya kile kikombe, na watu walikwenda na kurudi bila kutazama mifereji waliyoiruka njiani. Wasonjo hadi leo hulima kwa kumwagilia. Robert Gray, aliyeandika kitabu juu yao mwaka 1963, alieleza kwamba maji ya kijiji yalikuwa chini ya wazee waitwao wenamiji, ambao ndio waliotoa zamu na waliotoza faini. Uongozi wote wa kijiji, kwa hakika, ulitokana na mfereji. Ukiisoma habari hiyo kisha ukasimama Engaruka, hutakosa kujiuliza ni baraza gani lililokaa chini ya mti pale, na fulani alipoiba zamu ya mwenziwe usiku alihukumiwaje.

Kuhusu sababu ya kuondoka kwao, wataalamu wanataja mambo mawili makubwa. Moja ni maji: baadhi ya mifereji ya zamani inaanzia kwenye makorongo ambayo siku hizi hayana maji ya mwaka mzima, dalili ya kuwa vijito vilivyoilisha vilidhoofika. La pili ni kuenea kwa Wamasai na mifugo yao katika nyika zilizoizunguka Engaruka, mnamo karne ya 18, jambo ambalo liliwabana wakulima ndani ya kisiwa chao. Huenda yote mawili yalikutana. Mkulima anaweza kustahimili kiangazi, na anaweza kuelewana na jirani mwenye mifugo; vikija pamoja, tena ardhi ya akiba hakuna, familia moja huhama, kisha ya pili, na mfereji unaohitaji mikono 100 kuuzibua kila mwaka hubakiwa na mikono 40. Hapo hata wanaotaka kubaki hawawezi.

Hapa ndipo nilipokusudia kufika. Mwaka jana tuliwapeleka wanafunzi wakubwa wa madrasa kuyaona magofu hayo. Tulipokuwa tumekaa kivulini, kijana mmoja akamuuliza ustadhi wake: "Ustadhi, hawa waliangamizwa kwa dhambi gani?" Ustadhi, Mwenyezi Mungu amhifadhi, ni mtu asiyekurupuka. Alinyamaza kidogo, akamjibu: "Mwanangu, nani amekwambia kuwa waliangamizwa?" Yule mzee wa Kimasai aliyekuwa akituongoza akacheka sana.

Swali la kijana yule halikutoka hewani. Limetokana na mimbari zetu. Tumezoea kwamba gofu lolote ni ushahidi wa adhabu, na khatibu akiona ukuta ulioanguka huwaleta Adi na Thamudi papo hapo. Ni kweli kwamba Qur'ani inatuamrisha tutembee katika ardhi na tutazame mwisho wa waliotangulia. Katika Suratul Hajj, aya ya 45, vinatajwa visima vilivyoachwa na makasri yaliyobaki matupu. Katika Surat Saba-i, aya ya 15 hadi ya 19, imo habari ya watu wa Yemen waliokuwa na bustani mbili, kulia na kushoto, wakaipuuza neema, likaja furiko lililovunja bwawa lao, bustani zikabadilika kuwa matunda machungu na mikunazi michache. Ukisimama Engaruka aya hizo zitakujia tu, mimi zilinijia.

Lakini hebu tupambanue. Habari ya Saba tumeambiwa na Yule anayejua siri na dhahiri. Ametutajia kosa na ametutajia malipo. Habari ya Engaruka hatukuambiwa. Hapakuja ufunuo wala Hadithi juu yao, na wala hawakuacha maandishi. Mwenyezi Mungu katika Suratul Israa, aya ya 36, ametukataza kuyafuata tusiyo na ujuzi nayo, na akatukumbusha kwamba masikio, macho na moyo vitaulizwa. Basi anayesimama juu ya kaburi la mtu asiyemjua akamtangaza kuwa alihilikishwa kwa maasi, ametumia ulimi wake mahali ambapo hakupewa ruhusa. Na anawanyima wanafunzi faida, kwa sababu akishasema "walikuwa waovu", somo limekwisha. Hakuna tena haja ya kuuliza mfereji ulipita wapi wala nani aliusimamia. Isitoshe, kuhama si kuangamia. Inawezekana kabisa kwamba damu ya watu wale inatembea leo katika masoko ya Karatu na Loliondo, na kwamba baadhi yao wanaswali nasi Ijumaa.

Tukiuweka kando uvivu huo, litabaki swali la maji, na hilo linatuhusu sote.

Msomaji akishuka upande wa pili wa nyanda hizi hizi, kuelekea Ziwa Eyasi, atafika Mang'ola, kunakotoka vitunguu vinavyojaza malori. Mang'ola nayo ni kisiwa. Bila chemchemi zinazotoka chini ya Oldeani, pasingepandwa kitunguu hata kimoja. Na kila mwenye jamaa huko anajua maneno yanayosemwa kiangazi: aliye karibu na banio amezidisha, aliye mwisho wa mfereji miche yake imekauka, fulani amefungua maji usiku wa manane. Ni ndugu hao, ni majirani hao, na wengine ni wenye kusimama safu moja msikitini.

Ugomvi wa namna hii ulifikishwa kwa Mtume (S.A.W.) huko Madina. Zubayr bin Awwam na mtu mmoja katika Answari walizozana juu ya vijito vya Harra vilivyonywesha mitende yao. Shamba la Zubayr lilikuwa juu. Mtume akamwelekeza kwanza apate kidogo kisha amwachie jirani yake. Yule Answari akakasirika, akadai kwamba Zubayr amependelewa kwa kuwa ni binamu. Uso wa Mtume ukabadilika, na hapo akaihukumu haki kamili: Zubayr ayazuie maji hadi yafike kwenye kingo za shamba, ndipo ayaachie. Bukhari na Muslim wameipokea habari hii. Na katika bonde la Mahzur imepokewa kuwa aliamua mwenye shamba la juu azuie hadi maji yafikie vifundo vya miguu, kisha amwachie wa chini. Tazama kipimo chenyewe: kifundo cha mguu, ambacho tajiri na maskini wanacho, hakihitaji karani wala mita. Wenamiji wa Wasonjo wangekifahamu kipimo hicho bila mkalimani. Nina hakika hata wale wa Engaruka walikuwa na chao, kwa kuwa mifereji kama ile haiwezi kudumu karne tatu kwa kila mtu kujichotea apendavyo.

Nina sababu nyingine ya kuyaandika haya sasa. Msikiti wetu una kisima kirefu, waqfu wa ndugu mmoja aliyekwisha tangulia mbele ya haki. Nje ya ukuta kuna bomba ambalo majirani huteka, Waislamu na wasio Waislamu. Kiangazi kilichopita foleni ya ndoo ilifika barabarani, umeme wa kusukuma maji ukapanda, na siku mbili waumini walikuta birika za udhu tupu wakati wa Alasiri. Katika kikao cha kamati likaletwa pendekezo la kulifunga bomba la nje miezi ya kiangazi, au kuliacha kwa Waislamu peke yao. Mimi ndiye ninayeandika kumbukumbu za vikao, na niliyaandika maneno ya pande zote mbili kwa uaminifu. Wenye pendekezo si watu wabaya. Wanalinda waqfu, na waqfu ni amana.

Hata hivyo, katika safu hii naruhusiwa kusema langu. Imepokewa kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kuwa watu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto, na imepokewa makatazo ya kuyazuia maji yaliyozidi. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameeleza kwamba mwenye kisima hutangulia kwa haja yake, kisha kinachobaki ni wajibu kukitoa kwa kiu ya watu na wanyama wao; kumwagilia shamba la mwingine si wajibu. Kiu haiulizwi dini yake. Kwa hiyo naona birika za udhu zijazwe kwanza asubuhi na mchana, bomba lifunguliwe kwa saa zinazojulikana, kila nyumba ipate idadi ya ndoo, na mwenye uwezo achangie Luku kwa hiari. Na sisi wenyewe tupunguze. Tumesoma kuwa Mtume alimkataza Sa'ad kufanya israfu katika udhu hata akiwa kwenye mto unaotiririka, na alikuwa akitawadha kwa maji ya ujazo wa mudi, kiasi cha viganja viwili vilivyojaa. Mimi nimemtazama kijana mmoja akiosha miguu yake huku bomba likimwagika muda wa kutosha kujaza ndoo. Baba wa kijana huyo alikuwa miongoni mwa waliolalamikia foleni ya majirani.

Kikao cha kufunga shauri hilo kitakuwa baada ya Sala ya Isha, Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, na akina mama wamealikwa, kwa kuwa ndio wanaobeba ndoo.

Kwa familia zitakazopenda kwenda Engaruka wakati wa likizo: anzeni mapema, maana joto la chini ni kali kuliko la Karatu na kivuli ni kichache. Fikeni kwanza ofisi ya kijiji, mpewe mwongozaji wa hapo hapo na mlipe ada inayotakiwa. Magofu hayaonekani vizuri kwa asiyeelekezwa, kwa macho ya mgeni ni mawe tu. Watoto wasipande juu ya kuta wala wasichukue jiwe la ukumbusho, hata dogo, kwa sababu kila jiwe lililoondolewa ni ukuta unaolegea. Marundo ya mawe mtakayoyaona hapa na pale msiyakalie; baadhi huenda ni makaburi, na heshima ya kaburi inajulikana. Maji ya mfereji wa sasa ni ya wakulima, basi bebeni ya kwenu ya kunywa na ya udhu. Umbali kutoka Karatu unakaribia kilomita 90, kwa hiyo wenye kutaka kukusuru Sala wamuulize imamu wao kabla ya kuondoka.